Uasi wa Nyakato Nilioufasiri Sawasawa

Wengi wenu mnaosomea ufasiri mkija kwangu hapa Kiseke mnaanza na swali kabla hata hamjavua viatu. "Shikamoo, mama. Eti 'rebellion' kwa Kijerumani ni nini?" Marahaba, wanangu. Kaeni, chai ipo. Neno hilo nimelifanyia kazi miaka mingi, pamoja na ndugu zake wote: 'riot', 'revolt', 'mutiny', 'uprising' na wengine ambao Waingereza waliwazaa bila kuhesabu, maana mtu aliyetawala nchi za watu lazima awe na majina mengi ya kuwaita wanaomkatalia. Lakini sitawapa jibu la mstari mmoja. Aliyenifundisha mimi hakunipa jibu la namna hiyo, na sioni kwa nini ninyi mlipate kwa bei rahisi kuliko mimi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Magesa, Mkerewe mfupi mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Ujanani alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea uchapishaji wa vitabu. Akarudi na lugha yao, na koti zito ambalo Mwanza haikuwahi kumpa siku ya kulivaa, na tabia ya kufika kazini dakika tano kabla ya saa. Mimi nilikuwa mchapaji katika ofisi moja ya pamba, naye alikuwa na shughuli zake jengo hilo hilo. Alinisikia siku moja nikimsahihisha bosi wangu Kiingereza chake, akacheka sana, na tangu siku hiyo akawa ananifundisha Kijerumani saa ya chakula cha mchana, yeye akila karanga, mimi nikila adhabu.

Kisha zikaja zile siku za ruksa. Kila kitu kikawa cha kuuzwa na kununuliwa, ofisi za pamba zikapunguza watu, na mimi nikawa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa. Nililia palepale kwenye ngazi. Mzee Magesa akasimama juu yangu na mfuko wake wa karanga.

"Usilie," akaniambia. "Sasa Wazungu watakuja wengi, na hawatajua tunasema nini. Hiyo ni kazi."

Akapanga chumba kimoja Nyakato, mkabala na duka la vipuri, akaweka meza mbili, mashine ya kuchapa, na mashine ya faksi ambayo aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Hapo ndipo nilipofanya kazi mpaka nilipostaafu.

Kamusi tulikuwa nazo tatu. Mzee Magesa aliziheshimu kama mtu anavyowaheshimu wakwe: alizisalimia, akakaa mbali nazo. Hazina yake ilikuwa boksi la viatu lililojaa kadi. Juu ya kila kadi aliandika neno la Kiingereza, chini yake la Kijerumani, na chini ya hayo maswali manne, kila kadi yale yale: Ni nani hao? Mikononi wana nini? Wanataka nini? Na anayesimulia amesimama wapi? Majibu aliyaandika kwa penseli, ili yafutike akipata mapya. Mtu akinyanyua kadi akiwa na mafuta ya karanga vidoleni alifukuzwa chumbani, hata kama ni mteja.

Sehemu ya maasi ndiyo aliyoipenda kuliko zote. 'Riot' aliiweka pamoja na 'Krawall': watu wengi, hawana kiongozi, mikononi mawe, na ukilitamka neno lenyewe unasikia mabati yanapigwa. 'Uprising' ilikuwa 'Aufstand', neno lililotoka katika kusimama. Mtu alikuwa ameketi, sasa amesimama, basi. Mzee Magesa hakuweza kulisema akiwa kitini. Alisimama kila mara, hata akiwa na chai ya moto, na sakafu yetu ilikuwa na ushahidi. 'Aufruhr' ni kuchafuka, na Wajerumani hulitumia hata kwa moyo wa mtu mmoja uliovurugika. 'Empörung' zamani lilikuwa uasi hasa, wa mapanga. Siku hizi ni hasira ya mtu aliyeonewa. "Ona," alikuwa akisema, "neno limezeeka, limepata akili."

Na 'mutiny' ilikuwa 'Meuterei'. Kadi yake naikumbuka kama uso wa mtu. Ni nani hao? Mabaharia, askari, wafungwa. Mikononi wana nini? Silaha. Wanataka nini? Chombo chenyewe. Anayesimulia amesimama wapi? Daima ni nahodha.

Siku moja nilimuuliza kwa nini swali la nne ni la lazima. Alinipa vitabu vitatu vya historia, akaniambia nitafute habari za Majimaji. Cha Kiingereza kilisema 'rebellion'. Cha Kijerumani kilisema 'Aufstand'. Cha shule ya msingi, chetu, kilisema vita.

"Watu ni wale wale, risasi ni zile zile," akasema. "Mbona majina matatu?"

Nikasema sijui.

"Anayeasi anamwasi mwenye nyumba. Sasa niambie, pale nyumba ilikuwa ya nani?"

Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimpenda yule mzee siku ile kama ninavyompenda leo, miaka mingi baada ya kumzika Ukerewe.

Msidhani lakini kwamba nilikuwa mwanafunzi mwema. Kosa langu la kwanza kubwa lilitokana na maharage. Shule moja ya masista, sitaitaja, wasichana walikataa kula maharage yaliyotobolewa na wadudu. Waligonga sahani, wakaimba, wakaenda kulala. Sista mkuu akawaandikia wafadhili wao Ujerumani kwa Kiingereza, akasema palitokea 'a small riot'. Mimi nikaona 'Krawall' ni neno la mitaani, halifai kwa barua ya sista. Nikatafuta neno lenye heshima, nikaandika 'Aufstand'. Lile neno dogo la mbele, 'small', nikaliona halina kazi, nikaliacha.

Wiki tatu baadaye likaja jibu. Parokia nzima ilikuwa imesali kwa ajili ya masista. Waliuliza kama wameshahamishiwa mahali salama, na kama uwanja wa ndege wa Mwanza bado uko mikononi mwa serikali. Mzee Magesa alisoma barua ile, akasimama kwa heshima ya 'Aufstand', akaketi, akacheka mpaka miwani ikakatika waya. Kisha akaniagiza niende kwa miguu hadi shuleni kumwomba radhi sista. Nilikwenda. Sista alinikaribisha chakula. Yalikuwa maharage, nami nikayala yote.

Kosa la namna hiyo halimuui mtu. Ulichagua neno baya, unalirekebisha, watu wanacheka. Lile jingine ndilo ninalotaka mlisikie vizuri, kwa sababu pale neno nililichagua sawasawa.

Wakati ule viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota kando ya ziwa kila mahali. Kimoja kilikuwa Nyakato, robo saa kwa miguu kutoka ofisini kwetu. Meneja wake alikuwa mtu wa Mara aliyewahi kuwa ofisa melini, na kila kitu pale kiwandani alikiita kwa majina ya melini. Jiko aliliita gali, ofisi yake aliiita daraja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa. Kampuni moja ya Ujerumani ilikuwa inataka kununua minofu yake yote na kumjengea chumba kipya cha baridi, na waliafikiana kwamba kila taarifa iende kwao kwa Kijerumani. Ndipo tukawa na mteja.

Ukumbini walifanya kazi akina mama, wakata minofu. Ninyi mnaokula samaki waliokatwa tayari hamuijui kazi ile. Unasimama tangu asubuhi mbele ya meza ya bati, maji ya barafu yanatiririka miguuni, sangara mzito kama mtoto wa darasa la kwanza analala mbele yako, na kwa mikato michache awe minofu miwili safi bila kuacha nyama mgongoni. Niliwahi kuwatazama, na sijaona mikono yenye akili kama ile. Kiongozi wao wa meza alikuwa Kabula, mama wa makamo kutoka Misungwi, mwembamba, asiyepandisha sauti. Alikuwa anaweza kumtoa sangara ngozi yote kipande kimoja huku akikuuliza habari za watoto wako.

Shida yao ilikuwa mabuti. Mabuti ya mpira yalikuwa ya zamu: wanaotoka wanayavua, wanaoingia wanayavaa yakiwa yamelowa ndani. Miguu yao ilikuwa imeoza vidole. Wakaomba kila mtu awe na jozi yake. Jumatatu moja Kabula alikwenda kuomba mara ya tatu, na Meneja, akiwa na haraka ya ugeni wa Wajerumani, akamjibu mbele ya wenzake wote kwamba miguu yao ilizaliwa matopeni, mabuti ni ya nini.

Saa sita mchana barua ya Meneja ilikuwa mezani kwangu, kwa Kiingereza kizuri cha melini. Palikuwa na 'mutiny'. Watu walikuwa 'armed with knives'. Palikuwa na 'ringleader', na jina lake lilikuwa Kabula. Mzee Magesa hakuwepo, alikuwa amepanda meli ya Nansio kwenda kumzika dada yake. Nilikuwa peke yangu, na niseme kweli, nilifurahi. Barua ngumu, na mimi mwenyewe tu. Nikavuta kadi. 'Meuterei', bila shaka. 'Bewaffnet', wenye silaha. 'Rädelsführerin', kiongozi wa waasi, tena mwanamke, neno refu ambalo nilikuwa sijapata kulitumia maishani. Nikachapa bila kosa hata moja. Nikafunua kile kitambaa cha kufuma, nikatuma faksi. Nilijisifu hadi nyumbani.

Jibu lilifika kesho yake asubuhi. Waliandika kwamba mtaalamu wao wa majokofu alikuwa tayari njiani na angefika Alhamisi. Lakini wenye 'Meuterei' wote wawe wametoka kiwandani kabla hajaingia, kwa usalama wake. Vinginevyo mkataba ungevunjwa. Nikalifasiri hilo pia, sawasawa. Kufikia saa nne tangazo lilikuwa limebandikwa getini: akina mama wote wa meza zile hawana kazi, na Kabula anapelekwa polisi akionekana ndani ya uzio.

Mzee Magesa akarudi Jumatano. Nilimpa nakala za barua zote nikisubiri sifa. Alisoma zote mbili amesimama, koti la msiba bado mwilini, halafu akazirudia. Akavua miwani.

"Pole kwa safari, mzee," nikasema. "Na pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Ulikwenda?"

"Wapi, mzee?"

"Pale. Kiwandani."

"Hapana. Barua ililetwa hapa."

"Umejibu maswali manne kwa karatasi ya mtu mmoja," akasema taratibu. "Hukukosea neno, binti. Ungekosea neno ningekuwa nimekusamehe kabla ya chai."

Akaketi, akageukia ukutani. Nilitamani anitukane.

Nilikwenda mbio na viatu vya ofisi. Mlinzi alikuwa ananifahamu, akanifungulia ukumbi. Meneja alikuwa ameufunga tangu Jumatatu ili kila kitu kibaki kama kilivyo, aje awaonyeshe Wajerumani ushahidi wa uasi. Nikaingia, nikasimama mlangoni.

Meza zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa. Juu ya kila meza visu vimelazwa mstari mmoja, visafi, vikavu, umbali sawa baina ya kisu na kisu. Vilikuwa thelathini na vinne, nilivihesabu. Na mipini yote ilikuwa imeelekea upande wa mlango wa ofisi ya Meneja.

Mama yangu alizaliwa Misungwi, na mimi pia. Alikuwa katika kundi la kulima, wale wanaokwenda shamba kwa shamba kusaidiana kwa zamu. Mwenye shamba akiwatukana, hawagombani naye. Wanafuta udongo kwenye majembe, wanayalaza mwisho wa tuta, mipini imemwelekea yeye, wanakwenda kukaa pembeni. Maana yake: haya, lima mwenyewe, au tuite. Nilikuwa nimeona jambo hilo utotoni kwa macho yangu. Katika Mwanza nzima, kwa watu wote wanaojua Kijerumani, mimi peke yangu ndiye ningeweza kuusoma ukumbi ule. Na nilikuwa nimebaki mezani robo saa kutoka pale, nikifurahia neno refu.

"Samaki wako wapi?" nikamuuliza mlinzi. "Si wangekuwa wameoza?"

"Waoze?" akashangaa. "Wale mama walibeba kreti zote chumba cha baridi kwanza, wakatia barafu, ndipo wakatoka. Mimi niliwafungulia mlango."

Nikawakuta nje ya uzio, wamekaa kwenye nyasi, mabuti wameyavua na kuyapanga mstari getini kwa sababu si yao. Nikamwambia Kabula mimi ndiye niliyeandika kwa Wajerumani kwamba wameasi. Nilitegemea anitemee mate.

"Dada, anayeasi anaondoka na kisu," akasema. "Sisi tumeviacha."

Nililala vibaya. Asubuhi ya Alhamisi nikamuuliza Mzee Magesa nifanye nini, maana mfasiri hana haki ya kusema maneno yake mbele ya mteja, hilo alinipigia kelele miaka yote. Alifikiri huku akimenya karanga ambazo hakuzila.

"Una haki moja tu," akasema. "Kusema umekosea. Hiyo hakuna anayeweza kukunyang'anya. Ila ukiisema, huyu mteja tumempoteza, labda na wengine."

"Sasa?"

"Sasa kaiseme."

Mgeni aliitwa Bwana Lorenz, mrefu, shingo nyekundu, amebeba sanduku lake la vifaa mwenyewe na hakutaka kusaidiwa. Tuliketi ofisini kwa Meneja, mimi katikati. Meneja alianza kueleza jinsi alivyozima maasi. Hapo nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, labda ni mazoea ya yule mzee. Nikasema kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kijerumani, ili wote wawili wasikie sawa: "Mfasiri anaomba kusahihisha."

"Kusahihisha nini?" Meneja akauliza. "Mimi niliandika mutiny, nawe ukaandika hiyo ya kwao. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Meneja. Neno sikukosea. Nilikosea kuandika kabla ya kuona."

"Kazi yako ni kufasiri."

"Ndiyo. Naomba na ukumbi niufasiri."

Niliogopa, msinione leo naongea hivi. Meneja akawa mwekundu kwa namna yake. Bwana Lorenz alikuwa ameshaelewa nusu yake, akasimama, akachukua sanduku lake, akasema kwamba yeye alitumwa kukagua baridi na hata hivyo lazima aingie.

Alianza na chumba cha baridi. Alifungua kreti moja, ya pili, ya tatu. Akachomeka kipimajoto ndani ya mnofu, akakitazama, akakitazama tena. Barafu ilikuwa imepangwa chini, samaki, barafu juu, kama inavyotakiwa. Tukaingia ukumbini. Akatembea kandokando ya meza, mikono nyuma, bila kugusa kitu.

"Mbona mipini yote iko upande huu?" akaniuliza.

Nikasema hilo si langu kujibu, aitwe mwenyewe. Kabula akaitwa kutoka kwenye nyasi. Aliingia pekupeku, na nilimwona Bwana Lorenz akiitazama miguu yake, vidole vile vyeupe vilivyochubuka. Kabula alieleza kwa maneno machache, bila kulalamika, kama anayemwelekeza mtu njia: ombi la mabuti, mara tatu, na lile tusi. Kisha akasema, "Mtu ukimwachia mwenzio kisu, unamwekea mpini. Tulimwekea yeye."

Nikafasiri kila neno. Sijawahi kufasiri polepole vile maishani.

Bwana Lorenz akamgeukia Meneja. "Nani alikuinulia kisu?"

Nikafasiri. Meneja alivitazama vile visu. Na hapa nataka mmheshimu kama ninavyomheshimu mimi, maana angeweza kusema uongo na ungekuwa neno lake dhidi ya la mama pekupeku.

"Hakuna," akasema. "Nilifungua mlango nikaona visu vyote vimenitazama, na hakuna mtu. Nikaogopa. Melini watu wakiacha kazi wote kwa pamoja, chombo kinazama. Neno nililokuwa nalo ni hilo moja."

Bwana Lorenz akaomba ile faksi. Akatoa kalamu, akaiweka karatasi juu ya meza ya bati, akafuta 'Meuterei', akafuta 'bewaffnet', akafuta lile neno langu refu, na pembeni akaandika 'Arbeitsniederlegung'.

"Ameandika nini?" Kabula akaniuliza.

"Kwamba mliiweka kazi chini."

"Ndiyo," akasema. "Tuliiweka. Hatukuitupa."

Tangazo la getini lilibanduliwa mchana ule na Meneja mwenyewe. Mabuti yakaandikwa kwenye mkataba, kila mtu jozi yake, na yalikuja kweli. Saa tisa akina mama waliitwa ndani. Wakaingia mmoja mmoja, wakajipanga kwenye meza zao, wakasimama, mikono imelala ubavuni.

"Haya, kazi," akasema Meneja.

Hakuna aliyesogea.

"Wanasubiri nini?" Bwana Lorenz akaninong'oneza. Nilikuwa najua, lakini nilinyamaza, maana lile lilikuwa lao.

"Bosi," Kabula akasema, "kwetu aliyetukana ndiye anayegeuza mipini. Kimoja kimoja, kwa mkono wake. Hakuna maneno."

Nilidhani yote yameharibika. Meneja aliwatazama, akamtazama mgeni, akanitazama mimi kama vile nina neno la kumwokoa. Kisha akafungua vifungo vya mikono ya shati lake jeupe, akakunja, akaanza meza ya kwanza. Akashika kisu, akakigeuza, akakilaza mpini kuelekea kwa mama aliyesimama mbele yake. Cha pili. Cha tatu. Kila alipolaza kimoja, mama mwenye nacho alikishika. Ukumbini ulisikika mlio wa chuma juu ya bati tu. Alipofika cha mwisho, kisu cha Kabula, alikiinua, akatoa kitambaa mfukoni akakifuta, ingawa kilikuwa kisafi kuliko kitambaa chenyewe. Akakilaza. Kabula akakishika, akavuta kreti, wakaanza kazi.

Nilikuwa nalia waziwazi. Bwana Lorenz alikuwa anasafisha miwani ambayo haikuwa chafu.

"Hii inaitwaje?" akaniuliza. "Hiki alichofanya."

Nikalitafuta kwa Kijerumani, nikalitafuta kwa Kiingereza, nikalitafuta kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma cha mama yangu. "Sina neno," nikamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mteja hivyo.

Niliporudi ofisini nikamsimulia Mzee Magesa kila kitu, tangu mlangoni hadi kile kitambaa. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza akaketi, akafuta vidole, akachukua kadi mpya. Juu, mahali pa neno, hakuandika kitu, akaacha peupe. Akaanza moja kwa moja na maswali.

Boksi hilo hapo juu ya kabati, mtu mmoja alishushe, na afute mikono kwanza. Kadi iko nyuma kabisa. Ni nani hao? Wakata minofu na meneja wao. Mikononi wana nini? Visu, na kitambaa kimoja. Wanataka nini? Kazi, na heshima yake. Anayesimulia amesimama wapi? Hapo ndipo kwenye kadi zote alitumia penseli, ila kwenye hii alichukua kalamu ya wino, ile asiyoweza kuifuta, akaandika: Mlangoni. Alikwenda.